Simu ya Chumba cha Injini

Wewe, ushawahi kupewa kazi ya kuchagua simu, na mtu ambaye hiyo simu itamlilia ni mume wako, na mume wako hasikii hata radi? Mimi nimewahi. Usicheke kwanza. Haya, cheka tu, mimi mwenyewe nacheka, na alikuwa wangu.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kusokota nyuzi, upande wa Bwaise, hapa Kampala, pale chini ambako mvua ikinyesha kidogo tu sufuria zinaelea ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa kwa mashine za kusokota, pamoja na wanawake wengi. Baba watoto alikuwa kwa chumba cha injini. Umeme wa gavumenti siku hizo ulikuwa unakuja ukipenda, kwa hiyo kiwanda kilikuwa na injini yake ya dizeli, kubwa, ukiikuta kwa barabara unaipisha. Hiyo ndiyo ilikuwa inazungusha mashine zote. Kazi ya baba watoto ilikuwa kuiwasha, kuizima, kuipaka mafuta. Basi. Kama injini imelala, sisi wote tumelala.

Na kelele! Banange, ile kelele! Upande wetu mashine zilikuwa zinapiga tatatatatata kutoka asubuhi mpaka jioni, ukipiga chafya hujisikii. Lakini sisi wanawake si watu wa kunyamaza. Tulikuwa tunaongea kwa midomo na vidole. Umbea wote wa Bwaise ulikuwa unapita mle ndani bila sauti hata moja kutoka. Kidole kwa shavu, maana yake mke wa fulani. Kukuna tumbo, maana yake ana mimba. Vidole viwili kwa bega, pale ambapo askari wanavaa nyota, maana yake inama, kapteni anakuja.

Kapteni ndiye alikuwa mwenye kiwanda. Mwenyewe hasa alikuwa Muhindi mmoja mzee, lakini Wahindi walifukuzwa, wakaondoka na sanduku moja moja, na askari wakagawiwa maduka na viwanda vyao. Sisi tulikuwa tunawaita mafuta mingi, hao wenye kupewa. Kapteni wetu hakujua pamba inatoka kwa mti au kwa kondoo, nasema ukweli, siku ya kwanza aliuliza. Na kabla hajafika, watu walikuwa wameshaingia usiku wakang'oa simu zote za Muhindi, na waya zake, mpaka misumari.

Sasa nikwambie habari ya masikio. Baba watoto alikuwa mtu wa kaskazini kama mimi, mrefu, mpole, anapenda kula. Siku moja anakula mchuzi wa karanga, mtoto wetu mdogo akaanguka kutoka kitandani nyuma yake, paa! Akalia, akalia. Yule mtu anachovya tu muhogo. Mimi nikasimama mlangoni na kuni mkononi, nikamwangalia shingo yake. Haikugeuka. Nikaelewa. Injini ilikuwa imemaliza masikio yake, na yeye alikuwa ananificha, maskini.

Utaniuliza, kwa nini hamkusema? Ssebo, bwana wangu, useme kwa nani? Mtu asiyesikia hapewi chumba cha injini, anatolewa siku ile ile. Na akitolewa ananyang'anywa barua ya kazi. Ile barua, karatasi tu yenye muhuri wa kiwanda, ndiyo ilikuwa inamrudisha nyumbani. Kila mahali kulikuwa na kizuizi cha askari. Unafika, wanauliza, wewe nani, unafanya nini Kampala? Mwanaume wa kaskazini, mwenye jina la kule kwetu, bila kazi, wakati huo ambao wanaume wa kule kwetu walikuwa wanabebwa kama mbuzi? Na wakimwuliza swali hasikii? Barua ilikuwa inajibu kwa niaba yake. Anaitoa, anasimama wima, anapita.

Kwa hiyo mimi nikamfundisha. Nilimfundisha kusoma midomo kama sisi wanawake, kila jioni, tumekaa kwa mkeka, mimi nacheza mdomo bila sauti na yeye anasema nimesema nini. Alikuwa mwanafunzi mbaya! Mimi nasema maji, yeye analeta kisu. Tulicheka mpaka watoto wakatuogopa. Mwisho nikamwambia, sikiliza, yaani angalia: ukiona mdomo wa mkubwa unacheza na hujaelewa, sema "Ndiyo afande." Usiseme kingine. Wakubwa wa siku hizi hakuna neno lingine wanataka. Hilo alilishika vizuri sana.

Basi. Siku moja kapteni alishuka kutoka ofisi yake ya juu kuja kwa chumba cha injini, kusema injini izimwe, na pale mlangoni buti zake zikateleza kwa mafuta. Akakaa chini kama mtoto. Sisi tukacheka kwa vidole. Akapanda juu na suruali nyeusi matakoni, na kesho yake akasema hatashuka tena, anataka simu za humo humo ndani, kutoka kwa meza yake mpaka kwa mashine na kwa injini.

Akaja muuzaji kutoka Nairobi, Mkenya, kijana wa kanisa, hata mandazi hali kabla ya kufumba macho na kuomba. Alikuja na simu za aina tatu ndani ya masanduku. Kapteni akauliza, nani hapa anajua Kiswahili? Wanawake wengi walikuwa wanajua Kiganda tu. Mimi baba yangu alikuwa polisi, nimezaliwa kambini Ntinda, Kiswahili ndiyo lugha niliyolilia titi. Shule sikupita darasa la pili, lakini Kiswahili ninacho. Wenzangu wakanisukuma mbele.

"Wewe mama, kuja hapa," kapteni akasema. "Wewe nakaa ndani ya kelele. Wewe nachagua pamoja na mimi. Ukichagua mbaya, ni juu yako."

"Ndiyo afande," nikasema. Unaona? Hata mimi.

Simu ya kwanza ilikuwa na kengele kubwa ya chuma. Ya pili ilikuwa na sanduku la kupaza sauti: kapteni anaongea juu, sauti yake inatoka chini, na ya chini inapanda kwake. Ya tatu ilikuwa na taa nyekundu juu yake. Mtu akipiga, taa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Na ya kusikilizia ilikuwa na mito miwili ya kufunika masikio yote, kelele isiingie, na mahali pa kuongelea unaweka karibu na mdomo kabisa.

Nilipoona ile taa, moyo wangu ulipiga makofi. Nilijua hiyo ndiyo simu ya mume wangu. Mungu mwenyewe alikuwa ameitengeneza akaipa Mkenya ailete.

Tukaanza kujaribu, kule juu kwa mlango wa ofisi. Ile ya sanduku kapteni aliipenda sana, mpaka ilipofunguliwa. Mashine zetu zote zikapanda kwa waya zikaingia ofisini kwake, tatatatatata! Kofia ilimtoka. "Funga! Funga!" Ikafungwa ikarudi kwa sanduku lake. Zikabaki mbili.

Yule Mkenya akasema polepole, kwa Kiswahili chake kizuri, "Mheshimiwa, mahali pa kelele namna hii, kengele haisaidii sana. Mtu akiwa na kazi mkononi anaweza asiisikie. Taa ataiona tu. Na hii mito ya masikio itamsaidia kusikia maneno."

"Mama, wewe nasema nini?"

Nikasema, "Afande, taa ni nzuri. Kengele pamba itaingia ndani, itaziba, haitalia." Nilikuwa natafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano. Nikasema injini inapiga kelele sana. Nikasema taa ni ya kisasa, hata wakubwa wa mjini watakuja kuangalia. Nilisema kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Kapteni akaizungusha ile simu mkononi. Akawasha taa, akaizima. "Hii inawaka inazima, inawaka inazima. Inaongea na nani?"

"Na mtu wa injini, afande."

"Mimi ni mwanajeshi. Mimi najua taa ya kuwaka na kuzima. Hiyo ni ya kuita ndege ya adui." Akaiweka chini. "Halafu hii mito. Mtu anafunika masikio yake, anaongea polepole, wewe uko karibu hujui anasema nini. Hapana. Mimi nikiita, watu yote lazima isikie kwamba kapteni naita. Kengele!"

Mkenya akarudisha ile ya taa kwa sanduku lake. Mimi nikasema tena, "Lakini afande, kule kwa injini..."

Hapo akaniangalia. "Kwa nini wewe napigania taa? Kuna mtu hapa hasikii?"

Chini ya ngazi ya ofisi, baba watoto alikuwa amesimama mlangoni kwa chumba chake, kitambaa cha mafuta mkononi, anatabasamu, kwa sababu aliona midomo ya watu inacheza na hakujua ni nini.

"Hapana, afande," nikasema. "Hapa kila mtu ana masikio mazuri."

Ndiyo hivyo. Mbele ya wote.

Mkenya alikuwa anafunga waya kwa ukuta wa injini, spana ikamtoka mkononi, ikaanguka kwa sementi nyuma ya baba watoto. Injini ilikuwa imezimwa, mle ndani kimya kabisa. Baba watoto hakugeuka. Yule kijana akaniangalia, akaangalia spana, akaniangalia tena. Akasema chini chini, "Dada, ni huyu?"

Niliangalia mlangoni kama kapteni yuko. Akaenda kwa masanduku yake, akarudi na kengele nyingine, ya kizamani, ambayo nyundo yake ndogo iko nje, unaiona ikigonga. Akaifunga pale usawa wa macho. "Mungu atusaidie," akasema, akaenda zake Nairobi. Sijamwona tena. Mtu mzuri.

Kumbe ile nyundo ilikuwa inatikisika haraka sana, mtu hawezi kuiona kama hajaikodolea macho. Nikachukua pamba safi, kidogo kama mkia wa sungura, nikaifunga kwa nyundo na uzi wetu wenyewe. Kengele ikigonga, ule mkia unacheza ngoma. Hata kwa pembe ya jicho unauona. Sauti ya kengele ilipungua kidogo, lakini mle ndani nani angejua?

Lakini hatujamaliza, maana akiinua simu atasikia nini? Hasikii kitu. Hapo ndipo nilijiona mimi profesa. Nikamwambia, kapteni anapiga kwa ajili ya maneno mawili tu, washa na zima. Basi ukiona pamba inacheza, na injini inakimbia, maana yake anataka uzime. Kama injini imelala, anataka uwashe. Wewe inua simu, hesabu mpaka tano, sema ndiyo afande, rudisha simu, fanya kinyume cha vile ilivyo.

Ilifanya kazi! Usiniulize vipi, ilifanya kazi miezi na miezi. Kapteni alikuwa anamsifu. Aliwaambia wengine, muige mtu wa injini, huyu ukimpigia hachelewi, haulizi mara mbili, haleti maneno mingi. Mume wangu alipewa sabuni ya ziada. Sabuni siku hizo ilikuwa kama dhahabu, nilifua hata mapazia. Tulikuwa tunapita kizuizi, yeye anatoa barua yake anasimama wima, mimi nabeba mtoto, tunafika nyumbani, tunacheka. Nilidhani tumeshinda.

Halafu wakaja wageni. Wakubwa wa jeshi kutoka mjini, magari matatu, kuangalia kapteni anaendeshaje kiwanda alichopewa. Ilikuwa saa tano asubuhi. Sisi tulivaa vitambaa safi kichwani. Wageni wakaingia kwetu na mashine zinapiga, na kapteni akawa juu ofisini na mkubwa wao, anamwonyesha simu yake mpya. Akataka kumwonyesha kwamba akipiga chini anajibiwa mara moja. Akapiga chumba cha injini. Baadaye karani wa ofisi alinieleza aliuliza nini. Aliuliza tu, "Dizeli imebaki mapipa mangapi?"

Baba watoto aliona pamba inacheza. Injini inakimbia. Akainua simu, akahesabu mpaka tano. "Ndiyo afande!" Akarudisha simu, akazima injini.

Mashine zote zikafa pamoja, na wageni wamesimama katikati.

Wewe hujui kimya cha kiwanda. Ni kama mtu amekumwagia maji. Ukikohoa, unasikika mpaka getini. Nilisikia buti za kapteni kwa ngazi, moja moja, nikajua ni za kwenda kwa injini. Nikaacha mashine yangu nikakimbia.

Alikuwa ameshafika. Mkubwa wa mjini nyuma yake na askari wawili. Kapteni alikuwa anaangalia kengele. Alikuwa ameshika ule mkia wa pamba kwa vidole.

"Nani alikuambia kuzima?"

Kapteni alikuwa ameinamisha uso kwa kengele, mdomo wake hauonekani. Baba watoto aliona shingo yake tu, na shingo ina hasira. "NDIYO AFANDE!"

Alikuwa anapiga kelele, unajua? Mtu asiyesikia haijui sauti yake. Siku zote injini ilikuwa inamfunika. Sasa injini kimya, na sauti yake ikaenda mpaka kwa wanawake wenzangu kule, na wengine, nakwambia, walicheka. Siwalaumu.

"Pamba hii nani aliweka? Wewe?"

"NDIYO AFANDE!"

"Uliweka simu isilie? Unaharibu kazi ya gavumenti?"

"NDIYO AFANDE!"

Mkubwa wa mjini akauliza, polepole kabisa, "Kuna watu walikutuma? Watu wa nje?"

Nikaingia katikati. Nilipiga magoti kwa yale mafuta. "Afande, huyu hasikii! Masikio yake yalikufa zamani! Pamba ni mimi nilifunga, ni mimi, ili aione. Hajui mnauliza nini!"

Baba watoto aliponiona chini alijua ni vibaya, na alipojua ni vibaya akafanya kile nilichomfundisha. Akasimama wima kama kwa kizuizi. "NDIYO AFANDE! NDIYO AFANDE!"

Kapteni akaniambia, na hakuwa anapiga kelele hata kidogo, "Mama. Miezi yote hii mimi napiga simu, huyu anajibu. Hakosi hata siku moja. Leo mbele ya wakubwa ndiyo hasikii? Na wewe, mimi nilikuuliza kama kuna mtu hasikii. Wewe ulisema nini?"

Niseme nini? Nilikuwa nimefanya uongo wetu ukawa mzuri sana, mpaka ukweli ulipokuja haukupata mahali pa kukaa. Nilirudia tu, hasikii, hasikii, mpaka askari mmoja akanisogeza kwa mguu. Si kwa nguvu. Alinisogeza kama kikapu.

Baba watoto akatoa barua yake ya kazi mfukoni, akawapa. Kapteni akaichukua, akaikunja, akaiweka kwa mfuko wake mwenyewe. Wakampeleka kwa gari. Akaangalia nyuma mara moja, akanisomea midomo, lakini mimi midomo yangu ilikuwa inatetemeka tu, haikusema neno la kusomeka. Hilo ndilo mpaka leo linanikera. Miezi yote ile ya mkeka, na siku yenyewe sikumwambia kitu.

Mchana ule ule nilikwenda Ntinda kambini, kwa polisi waliofanya kazi na marehemu baba yangu. Mmoja alinipa chai, akaenda nyuma ya nyumba, hakurudi. Mwingine aliniambia, mwanangu, ukipenda wanao, nyamaza. Nikaenda kila mahali palipokuwa na lango na askari. Wanafungua kitabu, wanapitisha kidole, hayumo. Nikaenda tena wiki nyingine, hayumo. Mwisho askari mmoja kijana akaniambia, mama, huyu mtu una hakika alikuwepo?

Jumatatu ile ya kwanza nilirudi kwa mashine, kapteni hakunifukuza, alihitaji mikono. Ndiyo, nilirudi, unadhani watoto wangekula nini? Kwa injini walikuwa wameweka mtu mwingine, mwenye masikio mazuri. Kengele ilikuwa inalia vizuri. Nilikuwa naisikia kutoka kwangu, hata na zile tatatatata, kila mara kapteni akipiga. Yule mtu mpya naye, miaka miwili baadaye, nilimwona mke wake anamwita getini, anaita, anaita, anaita, na yeye hageuki. Nikageuza macho. Baadaye gavumenti ile ilianguka, kapteni akakimbia na wenzake, kiwanda kikafa kwa kukosa spea, mashine zikauzwa kama chuma chakavu.

Watoto wangu walikua bila hata picha yake. Sina kaburi la kufyeka. Watu wakiniuliza nasema nilifiwa, lakini siku gani nilifiwa sijui, kwa hiyo hata sala ya mwaka sisali, naogopa kukosea.

Hii habari nimemsimulia mjukuu wangu wa kwanza, msichana, ana maneno mingi kama mimi. Anakaa Kansanga, ameingia polisi kama marehemu baba yangu. Alikuja na sare yake imepigwa pasi, akakaa hapa chini kwa miguu yangu, akalia mpaka nikamwambia wewe utaharibu kola. Akaniambia mwaka huu atahamishiwa ofisi ya mafaili. Mimi najua wale askari walichoma mafaili yao kabla ya kukimbia. Niliuona moshi, sote tuliuona. Lakini sikumwambia. Nilimshika mkono nikamwacha aseme.

Akasema, "Jajja, nitafungua kila faili, hata yenye mavumbi, hata iliyoliwa na panya. Nitakuletea siku yake. Hata kama ni mstari mmoja tu, nitakuletea."